Mama na Mtu wa Pangoni Asiyejibu Salamu

Jamani, sikumtupa mama yangu pangoni. Naanza na hilo kwa sababu nimesikia mengi. Ile picha iliyozunguka kwenye simu zenu, mama amekaa ndani ya pango na leso yake ya njano, pembeni yake mzungu mwenye ndevu mpaka kifuani, ni ya kweli. Maneno mliyoyaandika chini yake ndiyo ya uongo. Yuko aliyesema nimeshindwa kumlisha, na yuko aliyesema mama kaolewa. Shangazi wa Muheza alinipigia simu analia. Basi tulieni niwasimulie safari nzima, tangu mlangoni mpaka mlangoni, na habari za kukata tiketi na kujaza fomu naziruka maana hazina utamu.

Ilford, tulipoanzia

Kwa wale walioingia kwenye kundi juzi: naitwa Zuhura, mtoto wa Ngamiani, Tanga. Ni muuguzi, naishi Ilford ghorofa ya tatu na mume wangu Idi, ambaye anaendesha basi. Wakati huo nilikuwa na mimba ya miezi minane. Ya kwanza ilitoka, mnajua, kwa hiyo hii niliibeba kwa woga, hata kupiga chafya nilikuwa nafikiria mara mbili. Mama alikuja kutoka Tanga awe nami nikijifungua, kisha anilee siku arobaini.

Wiki kumi na moja za mwanzo hakulalamikia baridi wala chakula. Alilalamikia salamu. Mama yangu mnamjua. Kutoka kwetu mpaka sokoni ni mwendo wa dakika kumi, yeye hutumia saa nzima, kwa sababu kila baraza lina mtu na kila mtu ana nyumbani kwake kwa kuulizwa. Ilford akaanza vivyo hivyo. Akasalimia ndani ya lifti, watu wakazikodolea macho namba za ghorofa. Akasalimia kwenye basi, dada mmoja akahama kiti. Aliyemmaliza kabisa ni jirani wa chini, mzee mmoja mwenye kijibwa cheupe. Kila asubuhi walikutana mlangoni, kila asubuhi mama akamwambia, "Gudi moningi, hujambo, umeamkaje," na kila asubuhi yule mzee akavuta kamba na kupita. Aliyekuwa akigeuka ni mbwa.

Ijumaa moja nikamkuta ameweka sanduku kitandani.

"Mwambie mumeo anibadilishie tiketi," akasema. "Alhamisi naondoka."

"Na mimi je, mama?"

"Utazaa. Hospitali ni yenu, wewe mwenyewe unafanya kazi humo. Mimi, mwanangu, humu nimekuwa mzimu. Napita, watu hawanioni. Nikikaa tena nitaanza kujipapasa nione kama bado nipo."

Nilimbembeleza mpaka nikaishiwa maneno. Mwisho akasema, huku anakunja kanga, "Nionyeshe mtu mmoja tu katika nchi hii anayejibu salamu kama mtu. Mmoja. Nitakaa mpaka arobaini yako iishe."

Niliogopa, sifichi. Ya kwanza ilinitoka nikiwa peke yangu bafuni, Idi yuko kwenye shifti, na tangu siku hiyo nilijua safari hii namtaka mama yangu chumbani. Nikampigia mfanyakazi mwenzangu, nikamuuliza ni wapi nje ya London kuna watu wachangamfu. Akaniambia kuna jumba moja la kitajiri la zamani, huko kusini, lina shamba, bustani, ziwa na pango la kihistoria, na watu wake ni wakarimu sana. Nililishika neno wakarimu. La pango nililiacha lipite.

Ilford mpaka Waterloo

Jumamosi asubuhi mama alikuwa ameshakaanga katlesi ishirini, ameshapika mkate wa kumimina, ameshajaza chupa chai ya tangawizi. Nikamwambia tunakwenda na kurudi siku hiyo hiyo.

"Si umesema kuna watu?" akaniuliza. "Watu hawaendewi mikono mitupu."

Tukapanda treni ya laini ya Elizabeth. Behewa limejaa na liko kimya, kila mtu ameziba masikio na kuinamisha kichwa. Mama akaninong'oneza, "Wana msiba?" Nikamwambia hapana, wanakwenda kutembea, leo ni sikukuu yao ya wiki. Akatikisa kichwa, akasoma dua kidogo kwa ajili yao.

Nilikuwa nimevaa ile beji wanayopewa wajawazito ili watu wawapishe viti. Mama kila akiiona hucheka. Tumbo limetangulia mbele yangu hatua nzima, anasema, na bado linahitaji kuandikiwa tangazo. Kijana aliyekuwa amekaa mbele yangu aliisoma beji, akanitazama usoni, akarudi kwenye simu yake. Mwisho dada mmoja akainuka bila neno. Mama akamshukuru kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, akamuombea umri. Yule dada akatazama viatu vyake mpaka tuliposhuka Tottenham Court Road kubadilisha.

"Huyo ana moyo," mama akasema tukiwa kwenye ngazi. "Lakini hakujibu."

Basi la badala ya treni

Kutoka Waterloo treni ilikwenda nusu ya njia, ikasimama. Reli inatengenezwa, wakatangaza, teremkeni mpande basi. Basi lenyewe halikuwapo. Tukasimama kwenye manyunyu kwa muda wa saa nzima, watu kama sitini kwenye foleni iliyonyooka vizuri kabisa, wanasubiri kitu ambacho hakuna aliyekuwa na hakika nacho. Kwetu ingekuwa imeshazaliwa kamati ya kulalamika, na mwenyekiti wake angekuwa ameshaanza kutuhumiwa.

Mbele yetu alikuwapo bwana mmoja mwenye mwavuli. Baada ya nusu saa akasema kitu, sauti ya chini.

"Amesema nini?" mama akauliza haraka.

"Amesema ndivyo ilivyo siku zote."

"Ameniambia mimi?"

"Hapana, mama. Ameliambia basi."

Basi lilipokuja, lilizunguka kila kijiji. Kiuno kiliniuma mpaka nikakaa upande. Mama akanikanda mgongo njia nzima, na mimi moyoni nikahesabu, Jumapili, Jumatatu, Jumanne, Jumatano, kisha mikono hiyo inaondoka.

Getini mpaka pangoni

Getini alikuwapo bibi mmoja, nywele nyeupe, beji kifuani, mmoja wa wale wanaojitolea. Beji ilisema Margaret. Akatukaribisha kwa tabasamu kubwa, nami nikasema moyoni, Alhamdulillahi, tumempata. Mama akaanza. Alifika kwenye "umeamkaje," nikiwa bado natafsiri, Bi Margaret akamkabidhi ramani, akamwonyesha choo kilipo, akaenda kwa mgeni mwingine.

"Tabasamu lake ni la kazini," mama akaamua. "Na hakungoja nimalize."

Tulifuata njia ya kokoto kuzunguka ziwa. Bi Margaret akatukuta tena karibu na daraja, maana yeye ndiye anayeeleza habari za pango, na alizieleza vizuri. Bwana mwenye mali hii, zaidi ya miaka mia mbili iliyopita, alikuwa na jumba, ziwa, kondoo na farasi. Alichokosa ni pango. Basi akaagiza lijengwe. Mafundi wakapanga matofali, wakapaka chokaa, kisha wakabandika vipande vya mawe ya kung'aa kimoja kimoja, juu mpaka chini, na wakatega mabomba ili maji yadondoke kwa huzuni. Wageni wa bwana walipomaliza kula walikuwa wakiletwa huku wapate kushtuka kidogo kabla ya chai.

Nikamtafsiria mama. Mnakumbuka mapango ya Amboni yako mwendo gani kutoka kwetu. Yako pale tangu dunia ilipoumbwa, na popo wake, na sisi watoto wa Tanga wengi tumeyaona mara moja tu, tena kwa safari ya shule. Mama akatazama lile lango la mawe, akaligonga kwa kidole kama anayechagua tikiti maji.

"Tofali," akasema. "Bwana huyu hakuwa na watu wa kumshauri?"

Ndani

Ndani kuna kiza na ubaridi, na yale mawe yanamemeta kila ukigeuza kichwa. Kusema haki ni pazuri. Nilisimama hapo na mtoto akanipiga teke, nikasahau kiuno. Nilipogeuka, mama alikuwa ameshafika kwa mtu.

Kando ya kidimbwi, juu ya gogo, alikaa mwanamume mmoja amevaa joho la kijivu, ndevu zimemwagika kifuani, fimbo mkononi. Mama hakushangaa hata kidogo. Mtu amekaa, wewe umeingia alipo, unamsalimia.

"Hujambo, mzee mwenzangu. Habari za asubuhi? Umeamkaje? Nyumbani hawajambo? Watoto je? Mama yako yupo? Na kazi inakwendaje?" Kisha akanigeukia. "Mfasirie. Yote."

Nikafasiri yote, moja moja. Yule mtu akatutazama, akapepesa macho, akanyamaza. Mama akarudia, polepole zaidi. Kimya. Maji yakadondoka kwa huzuni kama yalivyolipiwa.

Ndipo Bi Margaret akaja ananyata kutueleza. Zamani, akasema, mabwana hawa walikuwa wakiajiri mtu akae kwenye pango kama mcha Mungu aliyeukimbia ulimwengu. Asikate kucha, asinyoe, asiseme na mtu, ili wageni wakipita wamwone na wajihisi wana hekima. Siku hizi kila mwishoni mwa wiki, kiangazi, wanaajiri mwigizaji akae hivyo hivyo. Sharti la kazi ni kutosema na wageni.

Nilitaka kukaa chini nilie. Kati ya watu wote wa Uingereza, nimeteguka kiuno kumleta mama kwa yule mmoja anayelipwa asijibu.

Mama alisikiliza mpaka mwisho. "Wanamlipa asisalimie?" akauliza. "Mbona huko Ilford wanafanya bure?"

Sikutafsiri hilo. Lakini yeye alikuwa ameshaingia kwenye fikra nyingine. "Kwa hiyo huyu amezuiwa. Si kwamba hataki."

"Ndiyo, mama."

"Amezuiwa mpaka saa ngapi?"

Nikamuuliza Bi Margaret. Mpaka saa kumi, wakifunga.

"Basi namngoja," mama akasema. Saa yangu ilionyesha saa sita kasorobo.

Akajitafutia jiwe pembeni ya yule bwana, akakaa, akaweka kikapu, akafungua chupa. Akamimina chai, akamwekea kikombe karibu na mguu, na katlesi mbili juu ya kitambaa. Yule mtu akatazama mbele kwa hekima. Baada ya kitambo mkono ukatoka kwenye joho peke yake, ukachukua katlesi moja, ukarudi.

Sasa wageni wakaanza kuingia, na hapa ndipo picha yenu inapotokea. Wanamwona mzee wa pangoni, na pembeni yake mama na leso ya njano, wote wawili kimya. Na kila anayeingia anainamisha kichwa, anasema gudi moningi. Tena si kwa yule bwana. Kwa mama. Familia nzima zikasimama kumsalimia. Babu mmoja akavua kofia. Wengine wakamuuliza kama haoni baridi na kama amezoea kukaa humo. Mwanamke mmoja aliponiona mimi nimeegemea ukuta na tumbo langu, akaniuliza kwa heshima kama mimi pia nimo kwenye historia.

Akaja na msimamizi, amebeba redio ya mkononi. Chakula hakiruhusiwi humu ndani, akasema, mawe yataingia mafuta. Kisha akaona umati umefika mpaka nje. Akamuuliza Bi Margaret chini chini, huyu bibi ni wetu? Bi Margaret, Mungu amzidishie, akamjibu kwamba anadhani ni mke. Msimamizi akaandika kitu kwenye karatasi yake, akaenda zake.

Mimi nikaona nimeshinda. "Mama, umeona? Umesalimiwa na watu zaidi ya hamsini. Twende zetu, treni hizi hazieleweki."

"Hao wamekuja kumwona mtu wa maonyesho," akasema. "Sikuwasalimia mimi, wameanza wao. Mimi nimemsalimia huyu. Siondoki mpaka anijibu."

Saa saba, saa nane, saa tisa. Nilikwenda mkahawani nikanunua andazi lao la kuoka, kavu, linalotaka siagi na jamu na subira. Nikarudi. Walikuwa pale pale. Sijui niseme nini, lakini walionekana wanazungumza.

Saa kumi ikagongwa kengele. Yule mtu akapumua, akashika ndevu zake, akazivua zote kwa mkupuo. Chini yake kulikuwa na mwanamume wa makamo, rika la kaka yangu Hamisi, kidevu kimewasha mpaka kimekuwa chekundu.

"Kumbe ni mtoto," mama akasema.

Yule mtu akamgeukia mama, akaweka fimbo chini, akainua vidole vitano. Nilifikiri anataka kuaga. Akaanza kujibu.

"Naitwa Graham," akasema. "Ameniuliza nimeamkaje. Vibaya, kitanda changu kimevunjika mguu mmoja. Nyumbani hawajambo. Naishi na paka. Watoto sina. Mama yangu yupo, lakini tangu mwaka jana hanikumbuki. Nikienda kumwona ananisalimia kama mgeni, na mimi namjibu kama mgeni, maana nikikataa anaogopa. Kazi ndiyo hii." Akatazama vidole vyake, vilikuwa vimekwisha. "Wananipiga picha kutwa nzima. Hakuna aliyewahi kuniuliza habari za mama yangu. Nimekaa tangu asubuhi naomba nisisahau swali hata moja."

Nilifasiri mpaka nilipofika habari za mama yake. Nililia, na siisingizii mimba. Mama hakulia. Alimpa pole kwa kila kidole, kwa utaratibu, kitanda kwanza. Kisha akafunga katlesi zilizobaki kwenye kitambaa.

"Mwambie hizi ni za mama yake," akasema. "Mwambie kesho akifika asalimie yeye kwanza, asingoje."

Kurudi

Njia ya kurudi haikuwa na kisa, isipokuwa basi lilikuja kwa wakati na watu wote wakakasirika kidogo kwa kukosa la kusema. Mama alilala tangu Waterloo, kichwa begani kwangu. Mimi sikuthubutu kuuliza chochote. Tulipokuwa tunapanda ngazi za nyumbani, maana lifti ilikuwa imeharibika, akasimama ghorofa ya pili kuvuta pumzi.

"Idi asihangaike na ile tiketi," akasema, akaendelea kupanda.

Ilford tena

Jumatatu niliamka, mama hayupo. Nikateremka na tumbo langu na nguo ya kulalia. Nikamkuta chini, kwenye ukumbi wa kuingilia, karibu na visanduku vya barua. Amejiwekea kile kiti chetu cha plastiki, leso ya njano kichwani, chupa ya chai miguuni, anatazama mbele kwa hekima.

"Mama, unafanya nini?"

"Nyamaza, utawafukuza. Hawa watu ukiwafuata wanakimbia. Kaa kimya, watakuja wenyewe."

Na wakaja. Siku ya kwanza wawili, siku ya pili sita. Siku ya tatu yule mzee mwenye kijibwa alisimama, akakohoa, akasema gudi moningi. Mama hakumjibu. Nilipomlaumu akaniambia, "Wiki kumi na moja, Zuhura. Na yeye siku moja aionje." Siku ya nne akamjibu, akamuuliza na nyumbani, na tukajua kwamba anaitwa Dennis, na kwamba mkewe alifariki mlango wa pili kutoka pale mama alipokaa, na kwamba mbwa alikuwa wa mkewe.

Mama akaanza kumfundisha. Bwana Dennis ana miaka sabini na minne, mama sitini na tisa, kwa hiyo kwa haki shikamoo ilipaswa kutoka kwa mama. Lakini mama aliamua kwamba shikamoo itoke kwa Bwana Dennis, kila asubuhi, kwa muda wa wiki kumi na moja. Ni faini, akaniambia, na hana haja ya kuelezwa.

Wiki chache baadaye, siku ya Jumanne, nilijifungua mtoto wa kike, mkono wangu mmoja kwa Idi na mwingine kwa mama, naye ananikaripia kwa Kidigo mpaka mkunga akaogopa. Arobaini inaisha wiki ijayo, na mama ameshaanza kukunja kanga, safari hii bila kununa. Kile kiti amesema kisiondolewe.

Siku tuliporudi kutoka hospitali Bwana Dennis alikuwa amesimama pembeni ya kiti hicho, amevaa tai, mbwa ameogeshwa. Mama akafunua shali aone uso. Yule mzee akainama mpaka magoti yakalia, akamtazama mtoto wa siku mbili, akamwambia kwa adabu zote alizofundishwa, "Shikamoo."

Mama akanitazama. Akamtazama mtoto. Kisha akamjibia.

"Marahaba."